Joto kwanza, chakula baadaye: Jinsi ya kumwokoa kifaranga au ndege mgonjwa

WAFUGAJI wengi wa kuku wa kienyeji katika eneo la Chebunyo, Kaunti ya Bomet, wanaijua hali hii. Alfajiri mama kuku huondoka kiotani na vifaranga wake, naye mmoja akasalia nyuma: mnyonge, ameloa umande, macho nusu yamefumba na sauti imeanza kufifia.

Aghalabu mwenye boma humwokota, akamfungua mdomo kwa vidole na kumtilia matone ya maji au uji wa unga wa mahindi. Kabla ya adhuhuri, kifaranga huwa amekufa. Watu husema alikuwa dhaifu tangu mwanzo, na kwamba siku yake ilikuwa imefika.

Mara nyingi huo si ukweli. Kifaranga hakufa kwa udhaifu wala kwa njaa, bali kwa kupewa chakula wakati ambapo mwili wake haukuwa na uwezo wa kukipokea. Mkono uliotaka kumponya ndio uliomwangamiza.

Kulisha ndege kwa mkono, awe kifaranga, mgonjwa au aliyejeruhiwa, ni kazi yenye utaratibu wake. Utaratibu huo haugharimu fedha nyingi wala hauhitaji mitambo. Unachohitaji ni subira, usafi, na kujua ni lini ndege alishwe na ni lini aachwe.

Jambo hili si dogo katika eneo kama Chebunyo. Wadi hiyo iko katika eneobunge la Chepalungu, upande wa chini na mkavu zaidi wa kaunti, mbali na nyanda za juu ambako mashamba ya majanichai yametanda kuelekea Kericho. Mkulima wa hapa hana bonasi ya chai ya kungojea kila mwaka. Hutegemea ng'ombe, mahindi, na kuku wanaojitafutia riziki uani.

Hata mahindi nayo yamewahi kuwaponyoka. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi unaokausha majani na kuharibu magunzi uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika eneo la Longisa, papo hapo Bomet, kabla ya kuenea kwingineko. Katika misimu kama hiyo, jogoo mmoja sokoni ndiye hununua daftari za watoto, na trei ya mayai ndiyo huleta sukari na mafuta ya taa.

Aidha, kuku ni mali ya kina mama na vijana kwa kiasi kikubwa. Kila kifaranga anayefikia umri wa kuuzwa ana maana, na ni katika wiki za kwanza za maisha ndipo vifaranga wengi wa kienyeji hupotea kwa baridi, mwewe, magonjwa na uhaba wa chakula.

BARIDI HUUA KABLA YA NJAA

Kuku mzima ana joto la mwili la takriban nyuzi 41 za Selisiasi, ambalo ni kali kuliko la binadamu. Kifaranga wa siku chache hawezi kujitengenezea joto hilo. Mwili wake umefunikwa na malaika tu, wala si manyoya kamili, naye hutegemea tumbo na mbawa za mamake.

Akitengana na mamake kwa muda, hasa akiwa ameloa, mwili hupoa upesi. Hapo kazi ya tumbo hupungua hadi karibu kusimama. Uji unaomiminwa mdomoni hausagwi. Hukaa katika gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, ukaanza kuchacha. Badala ya kumpa nguvu, chakula hicho humtia sumu.

Isitoshe, ndege aliyepoa hana nguvu ya kumeza. Maji yanayotiwa kwa nguvu hupenya katika njia ya pumzi na kuingia mapafuni. Wapo vifaranga wanaozama mikononi mwa watu wanaowanywesha maji.

Ni vyema pia kufahamu kwamba kifaranga wa kuku huzaliwa na akiba yake. Kabla hajaangua, huvuta kiini cha yai tumboni, nacho humtosha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja husafirishwa ndani ya maboksi kutoka viwanda vya kuangulia hadi miji ya mbali pasipo kulishwa njiani, nao wakafika salama.

Kwa hiyo, kifaranga wa siku ya kwanza anayelia hadai chakula. Anadai joto. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na methali hiyo yafaa hapa: anayeharakisha kukituliza kilio hicho kwa uji, mwishowe hulia yeye.

JINSI YA KUMPASHA JOTO

Hatua ya kwanza ni kumkausha kwa kitambaa laini bila kumsugua. Kisha awekwe ndani ya boksi la karatasi lenye matundu madogo ya hewa, sakafu yake ikiwa imetandikwa kitambaa au nyasi kavu. Gazeti linaloteleza halifai, kwa sababu miguu ya kifaranga hutanuka kando na kulemaa.

Joto lenyewe linaweza kutoka kwenye chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto, ikazungushiwa kitambaa kizito na kuwekwa upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uachwe bila joto, ili ndege aweze kusogea akihisi limezidi. Maji yabadilishwe kila yanapopoa, hata usiku wa manane.

Wenye umeme hutumia taa iliyoning'inizwa juu ya kizimba. Wasio na umeme hutumia jiko la udongo au taa ya chemli, lakini tahadhari ni ya lazima. Makaa yanayowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi isiyo na harufu, ambayo huua vifaranga na huua watu. Dirisha lisifungwe kabisa, na jiko lisiwekwe mahali linapoweza kuangushwa.

Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Baada ya hapo hupunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila wiki hadi watakapoota manyoya ya kutosha. Asiye na kipimajoto asivunjike moyo, kwani vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakijitenga kando huku wakitweta midomo wazi, wameungua. Wakitawanyika na kulala kwa utulivu, joto limetosha.

Kwa kifaranga aliyeokotwa akiwa baridi, saa moja au zaidi ya joto hutangulia kila kitu. Dalili ya kuwa yu tayari ni kwamba anafungua macho, anasimama, na miguu yake ikiguswa ina joto.

MAJI YASIMIMINWE

Hatua ya pili ni maji, nayo ndiyo huleta maafa mengi kupita zote. Tundu la pumzi la ndege liko sakafuni mwa mdomo, nyuma tu ya shina la ulimi. Anayemwinua ndege kichwa na kumwagia maji hulenga tundu hilo bila kujua.

Njia salama ni kuweka tone moja kwenye ukingo wa mdomo, pembeni, na kungoja. Ndege mwenye uhai wa kutosha atalivuta tone hilo mwenyewe, ameze, kisha apewe jingine. Kifaranga wa kuku anaweza pia kuchovywa ncha ya mdomo katika maji vuguvugu mara moja au mbili, bila maji kufikia matundu ya pua. Akishaonja, hujifunza.

Kwa saa chache za mwanzo, maji hayo yaweza kutiwa kijiko kidogo cha sukari kwa kikombe kimoja ili kumrudishia nguvu. Lakini sukari si chakula cha kudumu. Sahani ya maji nayo iwe ya kina kifupi na itiwe changarawe, kwa sababu kifaranga mdogo huzama hata katika sahani ya chai.

Maziwa yasitumiwe kabisa. Katika maboma ya Wakipsigis maziwa ni chakula cha heshima, na ni jambo la kawaida kudhani kwamba kinachomfaa mtoto mchanga kitamfaa kifaranga. Ndege hawanyonyeshi, na matumbo yao hayana uwezo wa kuisaga sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Wakinyweshwa huhara, na anayehara hupoteza hata yale maji kidogo aliyokuwa nayo.

KILA NDEGE NA CHAKULA CHAKE

Ndege wakishapata joto na maji, ndipo suala la chakula hufika. Hapa ni lazima kutofautisha makundi mawili. Vifaranga wa kuku, bata, kanga na korongo huangua wakiwa na malaika, macho wazi, na baada ya saa chache hutembea na kudonoa. Hawa hawahitaji kutiwa chakula mdomoni. Huhitaji kuonyeshwa tu. Mama kuku hugongagonga mdomo chini akiita, na mfugaji aweza kuiga kwa ncha ya kidole au kijiti juu ya chakula kilichotawanywa.

Chakula bora kwao ni kile cha vifaranga kinachouzwa katika maduka ya pembejeo. Pasipo hicho, yai lililochemshwa na kupondwa laini hufaa kwa siku za mwanzo, pamoja na mahindi yaliyosagwa na dagaa au omena waliotwangwa. Kifaranga anahitaji protini ili akue na aote manyoya, na unga wa mahindi peke yake haumpi ya kutosha.

Mchwa ni hazina isiyonunuliwa. Wafugaji katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya hujaza chungu kikuukuu mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, wakakinyunyizia maji na kukifudikiza juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi chungu huwa kimejaa chakula cha vifaranga.

Kuna mazoea mengine ambayo hayana budi kukomeshwa, nayo ni kuwapa kuku mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa hayafai kuliwa na watu. Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na ndege wachanga ndio huathirika zaidi. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye ukungu. Nchini Kenya kwenyewe, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mwaka 2004, hasa katika eneo la Ukambani.

Kundi la pili ni ndege wanaoangua wakiwa uchi, vipofu na wasioweza kusimama. Humo mna njiwa, shomoro na kwera, wale ndege wa manjano wanaofuma viota kwenye matawi. Hawa hulishwa na wazazi wao kila mara, mdomo kwa mdomo, na anayechukua nafasi ya mzazi amejitwika kazi ya kutwa nzima.

Kinda la kwera au shomoro ambalo halijaota manyoya huhitaji kulishwa takriban kila nusu saa tangu macheo hadi machweo. Ijapokuwa wazazi wake hula nafaka, makinda yao hulelewa kwa wadudu kwa kiasi kikubwa. Yai lililopondwa, panzi waliokatwa vichwa na miguu, na kumbikumbi wasio na mabawa hufaa. Mkate uliolowekwa haufai, kwa sababu hujaza tumbo bila kujenga mwili.

Kinda hilo likiguswa ukingo wa kiota hupanua mdomo lenyewe. Kipande kidogo huwekwa nyuma ya ulimi kwa kijiti butu, nalo humeza. Lisipopanua mdomo, jibu si kulifungua kwa nguvu, bali kurudi nyuma na kuuliza kama limepata joto la kutosha.

Njiwa ni tofauti na wote hao. Kwa siku za kwanza, dume na jike hutoa katika magole yao ute mzito wenye mafuta na protini, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi ili kuupata. Kwa hiyo kinda la njiwa halipanui mdomo. Uji laini wa chakula cha vifaranga hutiwa katika chuchu ya chupa ya mtoto iliyokatwa tundu la kutosha mdomo wake, nalo huuchomeka mdomo na kunywa lenyewe.

Uji wowote uwe na joto linalokaribiana na la mwili, nyuzi 38 hadi 40. Ukidondoshwa kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, uhisiwe kuwa vuguvugu. Uliopoa huganda katika gole, na wenye moto huliunguza hadi likatoboka. Kabla ya kila mlo, gole liguswe taratibu kwa kidole. Likiwa bado limejaa, ndege asiongezwe chakula. Vyombo vioshwe kwa maji ya moto na uji uliosalia umwagwe, usiwekewe mlo ujao.

NDUI: PALE MKONO UNAPOPONYA

Kuna ugonjwa mmoja ambao unaonyesha thamani ya kulisha kwa mkono kuliko mwingine wowote. Ndui ya kuku huenezwa na mbu, na pia kwa kugusana pale ngozi inapokuwa na jeraha. Vipele vyenye magamba huota juu ya upanga, masikioni, na kuzunguka macho, hadi kope zikavimba na kufumba kabisa.

Wafugaji wengi, wamwonapo kuku katika hali hiyo, humchinja au humtupa vichakani. Ilhali mara nyingi ndui ya ngozi peke yake haimuui. Kinachomuua ni kwamba haoni punje wala maji, naye hufa kwa njaa na kiu hatua mbili kutoka kwenye chakula chake.

Hakuna dawa ya kuua virusi vya ndui. Lakini kuku huyo akitengwa, akaoshwa macho kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na akalishwa kwa mkono mara tatu au nne kwa siku, aghalabu mwili wake huushinda ugonjwa wenyewe katika muda wa wiki mbili hadi nne. Vipele hukauka na kubanduka, naye huona tena.

Kulishwa kwake ni rahisi. Ashikwe kwa kuzungushiwa kitambaa ili mbawa zisipige, mdomo uelekezwe ndani ya bakuli la chakula kilicholowa hadi akihisi, naye atadonoa. Vipande vidogo vya ugali vyaweza kuwekwa mdomoni kimoja kimoja, apewe nafasi ya kumeza. Hali ni tofauti ndui inapoingia ndani ya koo na kuziba pumzi. Hapo daktari wa mifugo aitwe, na ndege asilazimishwe kula.

MGONJWA ANAYEHATARISHA WENGINE

Si kila mgonjwa anapaswa kuuguzwa jikoni. Ugonjwa wa kideri, ambao wengi huuita Newcastle, ndio adui mkubwa wa kuku wa kienyeji nchini Kenya na katika sehemu kubwa ya Afrika. Kuku huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, shingo hupinda na mbawa hulegea. Katika boma lisilochanja, unaweza kuwafagia karibu kuku wote kwa siku chache.

Kideri hakina tiba. Mfugaji anayemlisha kuku wa aina hiyo kwa mkono, kisha akaenda kuwamwagia wazima mtama kwa mkono uo huo, hubeba virusi katika vidole, nguo na viatu vyake. Huruma yake kwa mmoja hugeuka kuwa maafa ya kundi zima, na ya kundi la jirani pia.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Ndege mgonjwa atengwe mara moja, mbali na wenzake. Wazima wahudumiwe kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Watoto wasiruhusiwe kumbusu wala kulala naye, kwa kuwa ndege wanaweza kumwambukiza binadamu viini vinavyosababisha kuhara na homa. Kuku kadhaa wakianza kuugua kwa pamoja, afisa wa mifugo wa wadi ajulishwe. Huduma hizo ziko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au iteketezwe, isitupwe mtoni wala kuuzwa.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kideri kinga ndiyo njia pekee. Taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, hutengeneza chanjo ya ugonjwa huo nchini. Ipo pia aina ya chanjo inayostahimili joto, ambayo hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone hilo moja huokoa kuku wengi kuliko vijiko vyote vya uji.

Dawa za viuavijasumu zilizonunuliwa kwa ajili ya watu zisitumiwe. Haziui virusi vya kideri wala vya ndui, na mabaki yake huingia katika mayai na nyama inayoliwa nyumbani.

NDEGE WA PORINI

Watoto wachungaji mara kwa mara hurudi nyumbani na kinda waliloliokota chini ya mti. Swali la kwanza liwe iwapo kinda hilo lilihitaji kuokotwa. Likiwa limeota manyoya, mkia mfupi, na linarukaruka, linajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu. Kuliokota ni kuliteka nyara. Liwekwe tu juu ya tawi, mbali na paka na mbwa.

Likiwa uchi na kiota kinaonekana, lirudishwe kiotani. Imani kwamba wazazi watalikataa kwa sababu limeguswa na mtu haina msingi, kwani ndege wengi hawawatambui makinda wao kwa harufu.

Ndege mzima wa porini anayekubali kushikwa ni suala jingine. Huenda ana ugonjwa au amekula sumu. Mnamo Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa nchini Uganda, miongoni mwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria na pia katika kuku na bata wa kufugwa. Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai kutoka nchi hiyo. Ndege wa porini wakionekana wamekufa wengi mahali pamoja, wasiguswe kwa mikono mitupu, na mamlaka zijulishwe.

Tai, bundi na mwewe walioumia nao wasilishwe kiholela. Nyama tupu isiyo na mifupa humnyima kinda lao madini ya chokaa, mifupa yake ikawa laini na kupinda, hata asiweze kuruka maisha yake yote. Ndege kama huyo afunikwe ndani ya boksi lenye giza na utulivu, kisha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lipewe habari. Katika eneo la Naivasha, shirika la Kenya Bird of Prey Trust lina kituo kinachowatibu ndege mbuai na kuwarejesha porini wanapopona.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama au ndege wa porini bila kibali, hata akiwa na nia njema.

FUNZO LA KORONGO TAJI

Ndege anayeonyesha waziwazi gharama ya nia njema hiyo ni korongo taji, yule mwenye kishungi cha dhahabu aliyemo katika bendera ya Uganda. Wakalenjin humwita kong'ony, na zipo koo miongoni mwao ambazo humhesabu kuwa nembo yao. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa duniani miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu ya kukauka kwa maeneo ya majimaji, sumu, na watu wanaotwaa mayai na vifaranga wake.

Kifaranga wa korongo ni mwepesi kulea. Hutembea mapema, hudonoa mwenyewe, na humfuata anayemlisha kila aendako. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwanasayansi Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba vifaranga wa bata bukini humchukua kuwa mama yule wanayemwona kwanza baada ya kuangua, hata akiwa mtu. Korongo aliyelelewa na watu hukua akijiona mmoja wao. Hawaogopi, wala hajui kutafuta mwenzi wa jinsi yake.

Nchini Rwanda, korongo wengi walikuwa wamechukuliwa kutoka vinamasini na kufugwa kama mapambo katika nyumba na hoteli, baadhi yao wakikatwa mbawa. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali, waliwasajili zaidi ya 200 na kuwahimiza wenyewe kuwasalimisha bila kuadhibiwa. Waliokuwa na afya walipelekwa katika Mbuga ya Akagera, wakazoeshwa maisha ya porini upya. Wale ambao mbawa zao zilikuwa zimeharibiwa hawangeweza kurudi kamwe. Wanaishi katika hifadhi ya Umusambi, jijini Kigali.

Nchini Marekani wataalamu walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Korongo weupe wa huko walikuwa wamesalia takriban 20 tu mwaka 1941. Katika jitihada za kuwaongeza, walezi wa vifaranga walivaa kanzu nyeupe za kuwafunika mwili mzima, na kuwalisha kwa kichwa bandia cha korongo kilichovishwa mkononi, bila kutamka neno. Kifaranga alishiba, lakini hakumjua mtu.

Mfugaji wa Chebunyo hahitaji kanzu wala kichwa bandia. Kifaranga wa kuku akimzoea mtu si hasara, kwa kuwa maisha yake yote ni ya uani. Hata hivyo, ni bora arejeshwe kwa mamake mapema iwezekanavyo. Usiku ndio wakati mwafaka, ambapo huingizwa chini ya mbawa gizani pamoja na wenzake wa umri mmoja, na asubuhi mama humkuta miongoni mwao.

Wapo ambao hawatapona licha ya yote, na ndege anayeteseka bila tumaini astahili kumalizwa upesi na kwa upole kuliko kuendelea kubanwa mdomo. Lakini wengi hufa kwa sababu hatua ziligeuzwa. Utaratibu wenyewe waweza kukaririwa hata na mtoto wa shule ya msingi: kwanza mtenge, kisha mpashe joto, halafu mpe tone la maji, na chakula kije mwisho.